Jinsi ya Kulielewa na Kulifasiri Neno "Aforethought": Mwongozo Kamili kwa Msomaji wa Kiswahili

Jioni moja mama anayeuza dagaa katika mwalo wa Igombe, nje kidogo ya katikati ya jiji la Mwanza, alinijia na nakala ya hukumu iliyoandikwa kwa Kiingereza, akaniomba nimsomee sehemu inayomhusu mdogo wake. Karatasi zilikuwa zimekunjwa mara nne na kufungwa ndani ya mfuko wa nailoni ili zisilowe. Palipokuwa na maneno "malice aforethought", mtu fulani alikwisha kupiga mstari kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni, kwa mwandiko wa haraka, "chuki ya muda mrefu". Mama alikuwa ameyashikilia maneno hayo manne kama tegemeo lake lote. Mdogo wake na marehemu walikuwa wakivua katika mtumbwi mmoja na kula sahani moja, na hakuna aliyewahi kusikia kwamba wana kisa. "Sasa mwalimu," aliniuliza, "kama chuki haikuwepo, wamemtiaje hatiani?"

Ilinibidi nimweleze kwamba tafsiri ile ya pembeni ilikuwa imempotosha, na kwamba hukumu haikusema popote kuwa ndugu yake alimchukia mtu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyakusanya maelezo ambayo ningependa yule aliyeshika kalamu nyekundu angekuwa nayo. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, lakini hukumu nyingi ambazo watu wanazo mikononi bado ziko katika Kiingereza, na wanaozisoma kwa niaba ya ndugu zao ni walimu wa sekondari, wanafunzi, makarani na waandishi wa habari. Mwongozo huu ni kwa ajili yao.

Hatua ya kwanza: livunje neno, uone limeundwaje

"Aforethought" ni neno moja, haliandikwi kwa kistari wala kutenganishwa. Sehemu yake ya mbele, "afore", ni umbo la zamani la Kiingereza lenye maana ya "kabla" au "mbele". Sehemu ya pili, "thought", ndiyo inayowakwaza wengi, kwa sababu kila mwanafunzi anaijua kama nomino yenye maana ya "wazo" au "fikra". Hapa si nomino. Ni umbo la kitenzi "think" linaloonyesha jambo lililokwisha kutendwa, kwa hiyo neno zima lina maana ya "lililofikiriwa kabla" na linafanya kazi ya kivumishi. Mtu akilichukua kama nomino ataandika "his aforethought" akidhani anasema "wazo lake la awali", na sentensi hiyo haisimami katika Kiingereza cha kawaida.

Katika matamshi, mkazo huwekwa kwenye silabi ya pili: a-FOO-thoot, na "th" hutamkwa kama katika "thelathini".

Mwanafunzi wa Kiswahili ana faida moja hapa ambayo Mwingereza hana. Vivumishi vya Kiingereza kwa kawaida hutangulia nomino, lakini "aforethought" hufuata nomino yake. Kwetu sisi mpangilio huo ni wa nyumbani: tunasema "nia ovu", hatusemi "ovu nia". Sababu ya mpangilio huo kuingia katika Kiingereza ni historia. Baada ya Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuja kuwa lugha ya sheria nchini humo kwa karne kadhaa, na Kifaransa, kama Kiswahili, huweka vivumishi vingi baada ya nomino. Wanasheria wa wakati huo walisema "malice purpense", yaani uovu uliofikiriwa kabla, na maneno hayo yamo katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1390 iliyohusu utoaji wa msamaha wa mfalme kwa wauaji. Baadaye Waingereza waliifasiri sehemu ya pili neno kwa neno katika lugha yao, na katika karne ya 16 "malice aforethought" ikaanza kuandikwa. Mpangilio wa Kifaransa ukabaki, kama ulivyobaki katika "attorney general".

Hatua ya pili: litenge na jamaa zake

Kosa la haraka kuliko yote ni kuchanganya "aforethought" na "forethought". Yanatofautiana kwa herufi moja tu, lakini moja ni sifa na jingine ni tuhuma. "Forethought" ni nomino, na ni busara ya kutazama mbele. Tajiri wa mtumbwi wa dagaa anayehesabu siku za giza, akanunua mafuta mapema, akakagua taa na kushona nyavu kabla mbalamwezi haijaisha, huyo ana "forethought". "Aforethought" haliwezi kutumika kwa kazi hiyo hata kidogo. Siku hizi halionekani karibu popote ila likiwa limeandamana na neno "malice", na mahali pake ni mahakamani.

Jamaa wa karibu zaidi ni "premeditated", linalotokana na Kilatini: kutafakari kabla. Hili ndilo neno la kawaida kwa uovu uliopangwa, na magazeti hulipenda. Sharti lake kubwa ni kwamba jambo linalosemwa liwe la lawama. Shambulio, uongo, hata rafu ya mchezaji aliyeingia uwanja wa CCM Kirumba akiwa ameazimia kumuumiza mshambuliaji wa timu pinzani, vyote vinaweza kuitwa "premeditated". Safari ya kwenda Ukerewe kumsalimia shangazi haiwezi, hata kama umeipanga mwezi mzima. Ukilitumia kwa jambo jema, msomaji wa Kiingereza atadhani unaficha kitu. Usiandike pia "premeditated in advance", kwa sababu ukabla tayari umo ndani ya neno, na kuurudia ni sawa na kusema mtu "ametangulia mbele kabla".

"Deliberate" na "intentional" hayadai muda wa kupanga. Mtoto akiimwaga chai huku anakutazama usoni, tendo lake ni "deliberate", lakini hakuna mtu atakayesema alilipanga. Kiswahili cha hapa kwetu kina neno linalolingana na hayo barabara: "amefanya makusudi".

Hatua ya tatu: kubali kwamba mahakamani neno limehama

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo kalamu nyekundu ilipokosea. Mtu akilisoma neno kwa kamusi ya kawaida atapata mambo mawili: chuki, kutokana na "malice", na upangaji wa muda, kutokana na "aforethought". Katika sheria inayotumika Tanzania hakuna hata moja kati ya hayo mawili ambalo ni lazima lithibitishwe.

Kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinasema kwamba mtu anayesababisha kifo cha mwingine kwa tendo lisilo halali, au kwa kutotenda alichopaswa kutenda, akiwa na "malice aforethought", ana hatia ya kuua kwa kukusudia. Maana ya maneno hayo mawili haikuachiwa kamusi. Iko katika kifungu cha 200, ambacho kinataja hali nne na kusema kwamba ikithibitishwa mojawapo tu, basi "malice aforethought" imethibitika. Hali ya kwanza ni kukusudia kuua au kumdhuru mtu vibaya sana, awe ni yule aliyekufa au mwingine. Ya pili ni kujua kwamba tendo lako huenda likaleta kifo au madhara makubwa, hata kama hukujali litokee lipi, na hata kama moyoni ulitamani lisitokee. Ya tatu ni kuwa na nia ya kutenda kosa ambalo adhabu yake ni kubwa kuliko kifungo cha miaka mitatu. Ya nne ni kukusudia kurahisisha kukimbia au kutoroka kizuizini kwa mtu aliyetenda kosa au aliyejaribu kulitenda.

Soma tena hali ya pili, kwa sababu ndiyo inayovunja kabisa tafsiri ya "chuki ya muda mrefu". Tuseme mtu ana ugomvi na mwenye mtumbwi, na usiku anautoboa mtumbwi huo kwa siri ili uharibike, akijua kabisa kwamba alfajiri utabeba abiria kuvuka maji. Hana kisa na abiria hata mmoja, hawajui majina yao, na anaomba Mungu wafike salama. Wakizama, kule kuomba kwake hakumwokoi, kwa kuwa alijua. Sheria inaiita hali hiyo "malice" ingawa chuki kwa waliokufa haikuwepo kabisa.

Na upangaji? Chukua wavuvi wawili wanaogombana mwaloni juu ya mgawo wa fedha za mabondo ya sangara. Mmoja ananyakua kasia lililo karibu na kumpiga mwenzake kichwani kwa nguvu zake zote, mara tatu, na mwenzake anafariki. Kati ya neno la mwisho la ugomvi na pigo la kwanza kulikuwa na pumzi moja tu. Kwa Kiingereza cha gazeti, mauaji hayo si "premeditated". Kwa kifungu cha 200, mahakama inaweza kabisa kuona kwamba aliyepiga alikusudia, katika pumzi ile ile moja, kumdhuru vibaya sana, na hilo linatosha. Ule ukabla ulio ndani ya "aforethought" umefupishwa hadi kuwa hivi tu: nia iwepo wakati wa kutenda, isije baadaye.

Upo mlango mmoja ambao msomaji asiupite bila kuutazama. Kifungu cha 201 kinamshusha mtu kutoka kosa la kuua kwa kukusudia hadi kuua bila kukusudia ikiwa aliua kwa ghadhabu iliyotokana na uchokozi wa ghafla, kabla ya kupata muda wa kutulia, na sheria inaeleza katika kifungu kinachofuata uchokozi wa namna gani unaohesabika. Mvuvi wetu akiondoka mwaloni, akaenda nyumbani, akachukua panga na kurudi, mlango huo unakuwa mgumu sana kupita, kwa kuwa njia nzima ya kwenda na kurudi ilikuwa nafasi ya hasira kupoa. Kwa hiyo muda una maana katika kesi hizi, lakini maana yake inatoka kwenye uchokozi wala haitoki kwenye neno "aforethought". Watu wengi huunganisha mambo haya mawili, na wanasheria wanafunzi pia.

Hatua ya nne: tafuta katika hukumu ushahidi wa nia

Nia haionekani kwa macho, na mshtakiwa ni nadra kuitamka. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika Rufaa ya Jinai Namba 150 ya mwaka 1994, iliorodhesha mambo ambayo majaji huyatazama ili kuipata: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno aliyoyatamka mshambuliaji kabla, wakati au baada ya tendo, na mwenendo wake kabla na baada. Orodha hiyo hunukuliwa katika hukumu nyingi mno, kwa hiyo ukiijua utajua pa kutazama.

Ninapomsomea mtu hukumu, siku hizi sianzi na maneno "malice aforethought" yenyewe. Naanza na kurasa ambazo jaji anaeleza jeraha lilikuwa wapi na kina chake, kisha silaha, kisha kile mashahidi walichosikia. Kasia lililompata mtu begani mara moja na kasia lililomshukia kichwani mara tatu ni kasia lile lile, lakini yanasimulia nia mbili tofauti. Mtu aliyemsukuma mwenzake katika msongamano, mwenzake akaanguka juu ya jiwe na kufa, mara nyingi hatakutwa na nia ya kuua wala ya kudhuru vibaya. Aliyekimbia na kuficha panga anatazamwa tofauti na aliyembeba majeruhi mgongoni hadi zahanati.

Hatua ya tano: chagua neno la Kiswahili, na ujue linaacha nini nje

Hakuna neno moja la Kiswahili linalobeba mzigo wote wa kifungu cha 200, na ninaamini ni uaminifu kusema hivyo kuliko kulazimisha.

"Chuki" liondoe kabisa. "Njama" nalo liondoe, kwa sababu njama huliwa na watu wawili au zaidi, na mtuhumiwa anaweza kuwa peke yake. "Mauaji ya kupangwa" ni tafsiri nzuri sana ya "premeditated murder" katika simulizi au habari za nje, lakini ukiiweka katika hukumu ya Tanzania umeiongezea sharti ambalo sheria haikuliweka. "Makusudi" inakaribia, ila haifiki: inaigusa hali ya kwanza na kuiacha ile ya mtu aliyejua na hakujali. Tena katika mazungumzo ya kila siku "makusudi" ina harufu ya ukaidi, kama katika "unanifanyia makusudi", na harufu hiyo haihitajiki hapa.

Yanabaki "nia ovu" na "dhamira ovu", ambayo yote mawili hutumiwa na wanasheria wetu. Mimi huchagua "nia ovu". Neno "dhamira" wanafunzi wetu wamelizoea katika uchambuzi wa riwaya na tamthiliya, wakilitumia kwa lengo la mwandishi, na wengine hulisikia kama "dhamiri" inayomsuta mtu moyoni, ilhali "nia" kila mtu analielewa, kuanzia anayefunga saumu hadi anayeposa. Sipendi nyongeza kama "nia ovu ya muda mrefu" au "iliyopangwa", kwa sababu zinaurudisha ule upangaji tuliokwisha kuutoa. Ninachofanya ni kueleza mara moja, neno linapotokea kwa mara ya kwanza: nia ovu, yaani kukusudia kuua au kudhuru vibaya, au kujua kwamba tendo huenda likaleta matokeo hayo. Baada ya hapo "nia ovu" peke yake inatosha hadi mwisho wa hati, isipokuwa hukumu yenyewe imesimama juu ya hali ya tatu au ya nne, ambapo hali hiyo nayo itajwe kwa ukamilifu.

Jaribu kwa sentensi inayopatikana mara kwa mara: "The prosecution failed to prove malice aforethought." Anayefasiri kwa kamusi ataandika kwamba upande wa mashtaka ulishindwa kuthibitisha chuki iliyopangwa, na msomaji ataelewa kwamba kesi ilikuwa juu ya chuki. Iliyo sahihi ni hii: "Upande wa mashtaka haukuthibitisha kwamba mshtakiwa alikuwa na nia ovu, yaani kukusudia kuua au kudhuru vibaya, au kujua kwamba tendo lake huenda likaleta matokeo hayo." Ndugu wakiisikia sentensi hiyo wasishangilie mapema. Kukosekana kwa nia ovu hakumfungulii mtu mlango wa kwenda nyumbani moja kwa moja. Ikiwa tendo lisilo halali lililosababisha kifo limethibitika, anaweza kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Tofauti kubwa ni kwamba kuua kwa kukusudia kunabeba adhabu ya kifo.

Hatua ya sita: tazama hati imetoka nchi gani

Hili nitalipita kwa haraka. Kenya na Uganda zina maneno yale yale, "malice aforethought", katika sheria zao za adhabu, zenye maelezo yanayofanana na yetu kwa sehemu kubwa. Marekani ni habari nyingine. Mwaka 1794 jimbo la Pennsylvania liliyagawa mauaji katika madaraja, na majimbo mengi yakafuata. Huko, mauaji ya daraja la kwanza kwa kawaida hudai kutafakari kabla, na "premeditated" ni sharti la kisheria kweli. Wengi wetu tumejifunza habari za mahakama kupitia filamu za Marekani, na ninadhani ndiko ile dhana ya "lazima awe alipanga" ilikotoka. Ukikuta neno "premeditation" katika hati ya Marekani, andika "kupanga kabla" bila wasiwasi. Ukilikuta katika hukumu ya Mwanza, soma aya nzima kwanza, kwa kuwa huenda jaji anataja upangaji kama kielelezo cha nia tu.

Hatua ya saba: ipime tafsiri yako kwa mtu asiyejua Kiingereza

Funika Kiingereza, msomee mtu tafsiri yako, kisha muulize maswali matatu: je, ilikuwa lazima mshtakiwa awe na kisa na marehemu? Je, ilikuwa lazima awe amepanga tangu zamani? Je, aliyejua hatari na akatenda huku akitumaini mema anaweza kuhesabiwa kuwa na nia ovu? Majibu sahihi ni hapana, hapana, ndiyo. Akikujibu vinginevyo, rudi kwenye sentensi uliyoiandika.

Nilifanya hivyo na mama wa Igombe. Niliandika upya, kwa kalamu ya bluu, chini ya yale maneno mekundu, maana niliyoieleza hapo juu, nikamsomea taratibu mara mbili. Alijibu maswali yote matatu sawasawa, akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo hakuwa amelileta alipofika. "Kwa hiyo hawakuangalia urafiki wao. Waliangalia pigo?" Nikamwambia ndiyo, mama. Tukafungua ukurasa wa tisa, pale jaji alipoeleza jeraha la kichwani, tukaanza kuusoma pamoja mstari kwa mstari.